Mkuki kwa Nguruwe

Hakuna kauli tamu mdomoni mwa mwanasiasa kama kubana matumizi. Ni tamu kwa kuwa haitaji jina la mtu. Akitajwa wa kupunguziwa na wa kuachiwa, utamu huisha papo hapo. Asiyeamini na awatazame Tea Party, vuguvugu la wahafidhina wa chama cha Republican huko Marekani.

Walizuka Februari 2009. Miezi michache kabla yake, enzi za George W. Bush, bunge lilikuwa limeidhinisha dola bilioni 700 za kuyaokoa mabenki. Barack Obama naye akaja na bilioni 787 za kuuinua uchumi. Tusiwaonee, sababu ya kuudhika walikuwa nayo. Lakini Rick Santelli, mtangazaji aliyewasha moto ule kutoka soko la fedha la Chicago, hakufoka juu ya mabenki. Alifoka juu ya wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo, kwamba wasisaidiwe. Kasoro ilianzia hapo.

Mwaka huohuo, katika mkutano wa hadhara huko Simpsonville, South Carolina, mzee mmoja alimwambia mbunge Bob Inglis kwamba serikali isiguse Medicare yake. Mbunge akajaribu kumweleza kuwa Medicare, bima ya matibabu ya wazee, ni ya serikali yenyewe. Mzee hakutaka kusikia. Mwaka uliofuata Inglis, mhafidhina kamili, aliangushwa kwenye kura za mchujo.

Msimcheke mzee yule. Watafiti Theda Skocpol na Vanessa Williamson walikaa na watu wa vuguvugu hili wakawasikiliza: pensheni na matibabu yao waliyaona ni haki waliyoichumia kwa jasho, ila ya maskini, ya wahamiaji na ya vijana waliyaita ubadhirifu. Sasa fungueni bajeti ya Marekani. Pensheni, matibabu na jeshi ndivyo vinavyomeza sehemu kubwa. Misaada kwa nchi za nje, iliyopigiwa kelele nyingi, enzi hizo ilizunguka asilimia moja. Kwa hiyo anayekuja kwenu na kauli ya kubana, hata akiwa wa chama chenu, mwulizeni atakata wapi. Akijibu “ubadhirifu,” mwulizeni tena.

Mwaka 2011 wabunge wa Tea Party walikataa kupandisha ukomo wa deni, mpaka nchi ikawa ukingoni. Ukomo ule hauhusu matumizi mapya. Ni wa kulipia yaliyokwisha kupitishwa. Ni sawa na mtu aliyekula kwa mkopo dukani mwezi mzima, kisha anamkatalia mwenye duka fedha zake na kujisifu kuwa ameanza kuweka akiba. Agosti 5 kampuni ya Standard & Poor's ikaishusha Marekani daraja la ukopaji, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Oktoba 2013 wakakwamisha bajeti, wakaifunga serikali siku 16. Jijini Washington, kwenye mnara wa kumbukumbu wa Vita vya Pili vya Dunia, mbunge mmoja wa Republican alimkaripia mlinzi wa hifadhi mbele ya kamera, ati idara yake ione haya kwa kuwafungia watu. Mlinzi yule alikuwa zamu, mshahara wake umesimama kwa uamuzi wa bunge la huyohuyo anayemkaripia! Serikali ilipofunguliwa, wafanyakazi waliokuwa wamerudishwa nyumbani walilipwa siku zote ambazo hawakufanya kazi. Huko ndiko kuokoa fedha za umma?

Kisha Republican wakashika Ikulu na mabunge yote mawili. Desemba 2017 wakapunguza kodi, matumizi wakayaacha yapande, na kufikia 2019 nakisi ilikaribia dola trilioni moja, uchumi ukiwa katika neema. Safari hii barabarani hapakuwa na mabango ya kupinga. Ofisi ya bajeti ilikuwa imekabidhiwa Mick Mulvaney, aliyeingia bungeni kwa wimbi la Tea Party la 2010. Februari 2020, akizungumza Oxford, alikiri mwenyewe kwamba chama chake huhangaikia nakisi pale rais anapokuwa wa Democrat.