Kibaba Chetu Kina Tundu

Haba na haba hujaza kibaba. Hapa Kakuma methali hii tunaisikia kwenye kila semina ya kuweka akiba. Ikifika zamu ya safari, mwezeshaji anaandika ukutani: panga mapema, nunua tiketi mapema, beba chakula chako, tafuta loji ya bei nafuu. Ushauri mzuri, kwa mtu mwenye kitambulisho cha nchi. Sisi hautugusi panapouma.

Tupange mapema? Mkimbizi hapangi safari, anapangiwa. Kutoka hapa hadi Lodwar ni kama kilomita 120, halafu Kitale, halafu Nairobi: zaidi ya kilomita 700. Pasi inaandikwa unakwenda wapi, kwa sababu gani, na mwisho wake lini. Kama hujui itatoka siku gani, tiketi ya mapema utainunua ya tarehe ipi? Ukishaipata ni kukimbia steji na kulipa bei utakayoikuta. Daktari akikwambia urudi wiki ijayo na pasi inaisha kesho, unarudi kambini kuomba nyingine. Ugonjwa mmoja, nauli mara mbili.

Tubebe chakula? Jamani! Wengi wetu tuliotoka Fizi tulivuka Ziwa Tanganyika na unga wa muhogo tumeufunga kwenye kitenge. Hilo la chapati na chupa ya maji mngetuachia sisi tuwafundishe.

Loji ya bei nafuu? Mwenye loji anataka kitambulisho. Ukimpa karatasi ya mkimbizi anaigeuza mbele na nyuma, kisha anakumbuka kwamba vyumba vimejaa. Unaishia kwa jamaa Kayole, watu wanane chumba kimoja, na huwezi kuingia kwa mtu mikono mitupu.

Halafu kuna vizuizi. Gari inasimama, na anayeteremshwa ni mgeni. Hata pasi yako ikiwa halali, unaweza kuambiwa utoe chai. Kwenye karatasi ya semina kuna safu ya nauli na safu ya chakula. Ya chai ya barabarani haipo, na risiti yake hakuna anayetoa. Tundu la kibaba liko hapo. Mtu anaweza kujinyima miezi mitatu, pesa zikaishia kwenye safari moja.

Mtasema ni mambo ya usalama. Sawa, serikali ina haki ya kujua nani anapita. Lakini pasi yenye jina na namba tayari inasema nani anapita. Kuipunguza siku hakumzuii mhalifu, maana mhalifu haombi pasi. Wala hatudai kitu cha ajabu. Kifungu cha 26 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinataja haki ya mkimbizi kutembea ndani ya nchi, chini ya kanuni zinazowahusu wageni wengine, na Kenya imo katika mkataba huo tangu 1966. Jirani zetu Uganda wameiandika haki hiyo katika sheria yao ya wakimbizi ya 2006.

Basi ndugu zetu wa mashirika, kama kweli mnataka tuweke akiba, fanyeni haya. Mleteni daktari bingwa hapa kambini: safari yake moja inaokoa nauli za wagonjwa wengi. Mkimwita mtu Nairobi, mpeni nauli kabla hajaondoka, sio kumrudishia baadaye. Kwa sasa anakopa, na deni la dukani halingoji ofisi. Na mkikaa meza moja na wanaotoa pasi, semeni habari ya siku. Pasi ya mgonjwa iishe matibabu yakiisha, na mfanyabiashara apewe ya miezi.

Na sisi majirani tusikae tu kulalamika. Wenye maduka kumi wanaweza kumtuma mtu mmoja Kitale awanunulie wote, mzigo ukapanda lori moja. Na yule broka anayejifanya anauza pasi tuache kumlisha. Kila anayemlipa anampandishia bei anayekuja nyuma yake.

Kujaza kibaba tunajua, tena siku nyingi. Semina ijayo ianze na tundu.