Ebenezeri ya Angela Chibalonza

Hapa Kamango wimbo Ebenezeri wa marehemu Angela Chibalonza husikika kwenye harusi, kwenye mkesha wa mwaka mpya, hata kwenye matanga. Wako miongoni mwetu wanaotaka ukatazwe kwa kuwa mwimbaji hakuwa Mkatoliki. Wako pia wanaouimba popote bila kujiuliza neno hilo lina maana gani. Kwa maoni yetu, wote hawajamtendea haki dada huyo.

Chibalonza alikuwa binti wa Kongo ya mashariki, ingawa kazi yake kubwa aliifanya nchini Kenya. Aliimba kwa Kiswahili. Ebenezeri, Uliniumba Nikuabudu na nyimbo zake nyingine zilipendwa Nairobi na Mombasa, zikaenea Tanzania na Uganda, kisha zikaturudia sisi wa kwao kwa njia ya redio. Hilo si jambo dogo. Kwa muda mrefu muziki wa Kongo uliopendwa Afrika Mashariki uliimbwa zaidi kwa Kilingala; watu waliucheza, lakini wengi hawakuyaelewa maneno. Yeye alieleweka hata na bibi asiyejua kusoma. Mwezi wa Septemba 2007 alifariki katika ajali ya barabarani huko Kenya, na sauti yake bado inatufundisha.

Ebenezeri maana yake ni jiwe la msaada. Wengi wanaikumbuka sura ya 7 ya Kitabu cha Kwanza cha Samweli, ambapo nabii anasimamisha jiwe na kukiri kwamba Bwana amewasaidia watu wake mpaka hapo. Wachache hufungua sura ya 4. Humo jina lilo hilo ni la mahali Waisraeli walipopiga kambi kabla ya kushindwa: kwanza walianguka watu 4,000, kisha 30,000, Sanduku la Agano likatekwa, wana wawili wa Eli wakauawa, na mzee mwenyewe akaanguka kutoka kitini akafa. Baada ya hayo ilipita miaka 20 ya maombolezo. Kumbe jiwe la shukrani lilipewa jina la mahali pa kilio.

Sisi wa Watalinga hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo. Julai 2013, waasi wa ADF walipoishambulia Kamango, watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka wakakimbilia Bundibugyo. Machi 2014, wakimbizi Wakongo waliokuwa wakirudi kutoka kambi ya Kyangwali walizama katika Ziwa Albert, na waliokufa walizidi mia moja. Katika jumuiya yetu yuko mama ambaye hunyamaza kila wimbo huu unapoanza. Hatumlazimishi. Tunadhani anausikia vizuri kuliko wapiga ngoma.

Kuhusu Misa, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, unataka maneno ya nyimbo takatifu yapatane na mafundisho ya Kanisa, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na vyanzo vya Liturujia. Hivyo swali la kwanza ni wimbo unasema nini. Ebenezeri umechota katika Maandiko. Hauwezi kushika nafasi ya zaburi, wala ya Utukufu. Lakini katika shukrani baada ya Komunyo, au katika sala ya jumuiya hai, tunaona una mahali pake. Tusichokubali ni kwaya kuupiga kwa vigelegele gari la mkubwa linapoingia uwanjani, kana kwamba yeye ndiye jiwe la msaada! Hayo tumeyaona zaidi ya mara moja.

Tunawaomba walimu wa kwaya, kabla ya zoezi, wawasomee vijana sura hizo mbili, ya 4 na ya 7, kwa mfuatano huo, na wawaache wakae kimya kidogo kabla ya kuanza kuimba.

Tarehe 2 Novemba, tunapowataja marehemu wetu, jumuiya yetu humtaja pia Angela Chibalonza. Wengine wametuuliza kama ni halali kumwombea aliyekuwa wa kanisa jingine. Ni halali, na mama yule anayenyamaza ndiye huwa wa kwanza kulitamka jina lake.