KUSOMA BILA KUANDIKA NI KUTEKA MAJI NA KITUNGA



Sisi wanafunzi wa mwaka wa nne tuna neno moja la kuwaambia. Vitabu tunasoma, lakini kusema kweli havibaki kwetu. Namna gani? Profesa anatoa kitabu, tunakisoma kwa zamu sababu ni vichache, kisha anaomba rezime. Na sisi tunafanya nini? Tunatafuta kaye ya wakubwa waliotutangulia, tunanakili. Rezime moja inazunguka darasa lote, pamoja na makosa yake! Pointi tunapata, lakini kesho yake hatukumbuki kitu.

Safari hii mambo yalikuwa mengine. Tulikuwa tunasoma "L'Enfant noir" cha Camara Laye wa Gine, kilichotoka mwaka 1953. Profesa hakuomba rezime. Alisema: "Andikeni barua, mistari kumi tu. Ninyi ni mama yake Laye, siku ile mtoto anapashwa kupanda ndege kwenda Ufaransa." Kaye za wakubwa hazikuwa na jibu la kazi ile!

Mwenzetu mmoja akaandika kwamba mama anafurahi, anaomba mtoto amtumie vitambaa vya Paris. Darasa likapiga kelele: hapana, haiko hivi! Kila mtu akafungua kitabu kutafuta ushahidi. Tukakuta mama alikataa kwa hasira, aliona wanamnyang'anya mtoto wake. Hapo njo tulifahamu kitabu. Mwingine, ambaye hasemi kitu darasani, akasoma barua yake. Wengi tulinyamaza, kwa maana sisi pia tuliacha mama zetu mbali tukaja kusoma hapa.

Kuna watakaosema: huu ni mchezo, programu ni ndefu, na profesa hawezi kusahihisha kaye sitini. Tunasikia. Lakini mistari kumi haimalizi wakati. Tusomeane wawili wawili, profesa asahihishe tano tu kila juma. Tena, Egzamini ya Serikali iko na disertasyo. Nani ataiweza kama amezoea kunakili tu?

Jambo hili si jipya. Kule Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet alianza mwaka 1924 kuchapa darasani maandiko ya wanafunzi wake, nao wakasoma maneno yao wenyewe. Sisi tuko na stensili ya gazeti hili.

Basi tunaomba mambo mawili. Maprofesa wetu, kila kitabu kipate kazi moja ya namna hii: barua, mchezo wa kuigiza, ao mwisho mwingine wa hadithi. Na ninyi wenzetu, tuache kaye za wakubwa. Anayenakili ni mwizi, na mtu wa kwanza anayemwibia ni yeye mwenyewe.

Kazi nzuri tutazichapa hapa. Tunazingoja.

Wanafunzi wa mwaka wa nne