Msituzimie Spika

Wasomi wenzangu, kuna albamu moja ya hapa hapa Afrika Mashariki ambayo nataka kila anayejiita mpenzi wa muziki aisikilize walau mara moja, hata kama ataizima kwenye wimbo wa pili. Inaitwa Duma. Ilitoka Agosti 2020, wakati wa korona, na wakosoaji wa muziki wa Ulaya na Marekani wakaiandika sana. Huku kwetu kwenye vimbweta ukiitaja, jamaa wanakuuliza kama ni kampuni ya viatu. Hilo linaniuma. Vitu vya jirani tunavisikia baada ya kuzunguka London na kurudi, kama pamba yetu inavyotoka Simiyu ikiwa marobota na kurudi ikiwa shati.

Waliotengeneza albamu hiyo ni vijana wawili wa Kenya, Martin Kanja na Sam Karugu, na kundi lao linaitwa Duma vile vile. Sisi tukisikia duma tunamwona mnyama wa Serengeti akitimua mbio. Wao neno wamelitoa kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza. Maana zote mbili zinawafaa, maana muziki wao una kasi ya yule mnyama na weusi wa lile giza. Kabla ya hapo walikuwa wakipiga na makundi mengine ya hevi metali ya Nairobi. Ndiyo, Nairobi kuna hevi metali, na ipo miaka mingi, na mashabiki wake wanavaa fulana nyeusi kwenye jua la saa saba bila kulalamika.

Sasa muziki wenyewe. Metali ya kawaida unaijua hata kama huipendi: magitaa ya umeme yanayokwaruza, besi, mpiga ngoma mwenye mikono minne, na mwimbaji anayenguruma. Duma hawana mpiga ngoma. Karugu anapiga gitaa na kutengeneza midundo kwenye kompyuta, na midundo hiyo inamiminika kwa kasi mpaka sikio linaacha kuhesabu na kuanza kusikia kitu kimoja kirefu, kama mvua ya mawe kwenye bati. Juu yake Kanja anapiga mayowe, ananguruma, ananong'ona, mara anapumua tu. Kuna wimbo unaitwa "Lionsblood", mwingine "Uganda with Sam", mwingine "Pembe 666". Ukiweka spika za masikioni, usiku, ukasikiliza yote tisa kwa mpangilio, unatoka umechoka kama mtu aliyetoka kupalilia. Mimi nauita uchovu mzuri.

Najua majibu ya wengi, kwa sababu nimeshayasikia. Muhula uliopita, kwenye usiku wa vipaji wa chuo kimoja ambacho sitakitaja, jamaa wawili walipanda jukwaani na gitaa na kompyuta. Hata dakika mbili hazikuisha, spika zikazimwa. MC akachukua maiki akasema hapa si pahala pa shetani, ukumbi ukacheka, wakapandishwa watu wa kuiga nyimbo za Bongo Fleva. Baadaye pale nje nilisikia mashtaka matatu: ni ushetani, ni ya wazungu, na ni kelele zisizo na ujumbe. Nataka kuyajibu moja moja, kwa heshima.

Tuanze na shetani. Mimi nyumbani ni Nkoma, Itilima, sehemu ambayo kabla ya mwaka 2012 ilikuwa Bariadi. Usukumani ngoma haijawahi kuwa kitu laini. Kuna Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu. Wanapiga uwanja mmoja, kila upande na watu wake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Miguu ya watu ndiyo kura. Kwa hiyo kila kundi linatafuta cha kukushtua. Kuna wanaocheza na majembe, ndiyo bugobogobo, na kuna Wayeye wanaocheza na machatu shingoni. Kuna dawa za mvuto, na kila mtu anajua kwamba zipo. Ng'wanamalundi, ambaye simulizi zinasema alikausha miti kwa kuinyooshea kidole, anakumbukwa kwa ngoma vile vile kama kwa miujiza. Sasa niambie, mtu aliyekulia karibu na ngoma ya chatu atatishwaje na kijana wa Nairobi anayepiga mayowe kwenye maiki?

Halafu tukumbuke neno "ushetani" lilishatumika kwa nani. Wamisionari wengi walipofika waliziita ngoma zetu hivyo hivyo, na waliobatizwa wakaambiwa wakae mbali nazo. Ilibidi miaka ya 1950 padri mmoja kutoka Kanada, David Clement, aanze kazi pale Bujora, karibu na Mwanza, ambako ngoma na ibada vilianza kukaa pamoja. Kanisa la pale limejengwa kwa sura ya nyumba ya msonge, na sikukuu ya Bulabo inawaleta Wagika na Wagalu kushindana wakati wa Ekaristi Takatifu. Kilichoitwa cha shetani na babu wa kanisa kikapokelewa na mjukuu. Mwaka 2018 kule Uganda waziri wa maadili alitaka kuzuia tamasha la Nyege Nyege kwa hoja za namna hii hii, baadaye serikali ikalegeza. Shtaka la ushetani linarudi kila kizazi kipya kinapopiga kitu ambacho wakubwa hawajakizoea. Anayelitoa ana wajibu wa kusema ni wimbo gani, neno gani, tendo gani.

Shtaka la pili, ya wazungu. Ni kweli hevi metali ilizaliwa Uingereza, na wanaosema hivyo wana haki ya kuogopa kizazi kinachoiga kila kitu. Lakini gitaa la dansi lilitoka wapi? Kinanda cha Casio kwenye mchiriku kilitengenezwa Mbagala? Swali la maana ni mtu amekifanyia nini kitu alichokipokea. Mchiriku ulikifanyia kinanda hicho mambo ambayo Wajapani hawakuyawaza, na huko ndiko ilikotoka singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Ukitoka kwenye singeli ya Sisso ukaingia Duma, kasi haikushangazi hata kidogo. Na undugu huo umeandikwa: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za vijana wa studio ya Mburahati, Dar es Salaam. Miaka mitatu baadaye lebo hiyo hiyo ikatoa Duma. Wameona ukoo mmoja. Sisi tulioko katikati, kati ya Mburahati na Nairobi, tunaambiwa kimoja ni cha uswahilini na kingine ni cha wazungu. Na msisahau, singeli nayo ilikuwa muziki wa wahuni wa vigodoro, kabla haijapanda jukwaa la kampeni na wanasiasa wakaanza kuicheza.

Shtaka la tatu ndilo zito zaidi: kelele bila ujumbe. Nakubali kwamba nusu ya maneno ya Kanja huyashiki. Lakini si kila ujumbe unapita kwenye maneno. Msibani kwetu mama akipiga yowe, hakuna anayeuliza maneno yake yalikuwa yapi. Na kama unataka maneno na historia, fuata alikokwenda Kanja baada ya Duma. Kwa jina la Lord Spikeheart alitoa albamu yake The Adept, Aprili 2024, kupitia lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu. Albamu hiyo aliitolea heshima kwa Muthoni wa Kirima. Huyu ni mwanamke pekee aliyepewa cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, aliyekaa msituni mpaka uhuru wa Kenya mwaka 1963, akafariki Septemba 2023. Kanja ni kitukuu chake. Ukishajua hilo, yale mayowe yanabadilika. Unaanza kusikia hasira iliyorithiwa, na huwezi kusema tena kwamba kijana anapiga kelele kwa sababu hana la kusema.

Lakini sababu kubwa ya kuandika makala hii ni namna albamu ile ilivyorekodiwa. Duma walikwenda Kampala mwaka 2019, wakakaa studio ya Nyege Nyege miezi mitatu. Miezi mitatu, chumba kimoja, watu wawili, na hakuna aliyewaambia watoe wimbo mmoja utakaoingia redioni. Kipaji walikuwa nacho tangu Nairobi. Walichokosa ni muda, mlango uliofunguliwa, na mtu wa kubonyeza kitufe cha kurekodi bila kuuliza kwanza kama kitauza. Na hapa pana kitu cha kutufikirisha: waanzilishi wa lebo hiyo ni wageni wawili waliohamia Kampala. Nawashukuru. Ila historia yetu ya kurekodiwa imekuwa hivyo kwa muda mrefu mno. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine zake akarekodi nyimbo za makabila mengi, Wasukuma wakiwemo. Hazina yake iko Afrika Kusini. Nyimbo za kazi za Wasukuma alizikusanya mtafiti Mmarekani, Frank Gunderson, kitabu chake kikachapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 2010. Mimi mtoto wa Nkoma nikitaka kusoma walichoimba babu zangu wakilima pamba, naanzia Uholanzi.

Ndiyo maana nasema wanaozima spika wanafanya kosa kubwa kuliko wanavyodhani. Hatujui leo kipi kitakuwa cha maana kesho. Aliyemcheka mpiga mchiriku hakujua analicheka chimbuko la singeli. Aliyekataza ngoma hakujua kanisa litakuja kuihitaji. Kazi ya chuo, nadhani, ni kuwa mahali ambapo kitu kisichoeleweka kinapewa dakika zake kabla hakijahukumiwa. Kama hapa napo mtu anapimwa kwa makofi tu, basi tofauti yetu na baa ni ada.

Hivyo napendekeza mambo matatu kwa serikali yetu ya wanafunzi, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, fedha tunazomlipa msanii mmoja mkubwa aimbe dakika arobaini kwa plei-beki kwenye bash ya mwaka, sehemu yake itumike kutengeneza chumba cha kurekodia. Kompyuta moja, maiki mbili nzuri, kadi ya sauti, magodoro ya zamani ukutani. Kiwe na daftari la zamu, na yeyote mwenye kitambulisho cha chuo aandike jina lake: kwaya, rapa, mghani, na wale jamaa wawili wa gitaa.

La pili, tukienda likizo tuwe na kazi ya hiari. Kila mmoja arudi na rekodi moja ya kwao: wigashe ya Itilima, ngoma ya mganga, nyimbo za mavuno, bibi anayebembeleza mtoto. Simu uliyonunua kwa bumu inatosha. Ila tufanye kistaarabu: omba ruhusa, andika jina la mwimbaji, mahali na tarehe, na mwachie nakala. Tusije tukawa watafiti wa Leiden kwa bibi zetu wenyewe.

La tatu, kwenye usiku wa vipaji kila aliyeandikishwa amalize dakika zake. Hutaki, toka nje ukanywe soda. Kupenda si lazima. Na wapiga kelele nao wafuate utaratibu: hosteli saa nne usiku ni spika za masikioni tu, maana kuna watu wana UE asubuhi.

Kuna atakayesema haya ni anasa, chuoni tuna shida ya maji na vitanda. Shida hizo ni za kweli na tuzipiganie. Lakini bajeti ya burudani ipo kila mwaka, nayo huliwa kwa usiku mmoja. Nauliza tu kama kesho yake tubaki na picha za simu peke yake, au tubaki na kitu ambacho mtu wa mwaka 2060 anaweza kukisikiliza akajua tulikuwepo.

Wagika na Wagalu walilijua hili bila digrii. Hawakuzimiana ngoma, kila mmoja alipiga yake kwa nguvu zote, na watu wakachagua pa kusimama.