Moshi Nyuma ya Kanisa

Saa kumi na moja alfajiri, kabla kengele ya sala ya asubuhi haijapigwa, moshi ulikuwa umeshapanda nyuma ya kanisa letu. Usharika wetu umepakana na hospitali. Kati ya ukuta wa wodi ya wazazi na ukuta wa kanisa pana kipande cha ardhi yetu chenye miembe mitatu, na chini ya miembe hiyo walikuwapo watu wanaopika. Mafiga yalikuwa mawe ya kuokota. Sufuria zilikuja kwa basi, zimefungwa kwenye kanga pamoja na unga, maharage na mwiko. Wapikaji walikuwa mama, shangazi, mume ambaye nyumbani hajawahi kukoroga uji, na bibi aliyemleta mjukuu kutoka kijiji ambacho basi lake hutoka mara moja tu kwa siku.

Watu hao hawakupika hapo kwa kupenda. Katika hospitali nyingi za nchi yetu mgonjwa hupata kitanda, daktari na dawa, lakini chakula ni juu ya ndugu zake. Mwenye ndugu mjini huletewa hotpoti. Mwenye fedha hununua kwa mama lishe. Aliyetoka mbali, ambaye nauli imemaliza akiba yake na hajui kama atakaa siku tatu au wiki tatu, hutafuta mawe matatu na mahali ambapo hatafukuzwa.

Mahali hapo palikuwa kwetu. Sasa si kwetu tena, na ndiyo sababu tunaandika.

Mwaka jana Baraza la Wazee liliketi. Tulifungua kwa sala, tukasoma muhtasari wa kikao kilichopita, tukafika kwenye ajenda ya saba: uchafu nyuma ya kanisa. Ukuta tulioupaka rangi kwa fedha za harambee umeshika masizi. Majivu yanapeperukia wageni siku za harusi. Bomba la nje linatumiwa na watu wasiolipa ankara. Hakuna aliyesema neno baya juu ya wagonjwa. Tulisema tu kwamba kanisa ni nyumba ya sala. Dakika kumi zilitosha. Tukaweka uzio wa waya na kibao chenye maandishi mekundu: MARUFUKU KUPIKA ENEO HILI. Sahihi ya mchungaji ipo kwenye muhtasari huo. Kwa hiyo yote tutakayosema hapa tunajiambia kwanza sisi wenyewe.

Hawakuacha kupika. Mgonjwa haachi kuona njaa kwa kuwa baraza limepitisha azimio. Walihamia kando ya barabara, juu ya mtaro wa maji machafu, ambako malori hupita na upepo huzima moto. Masika ilipofika, mmoja alishika mwavuli juu ya sufuria na mwingine akakoroga. Sisi tulipita hapo na gari, tukapandisha vioo kwa sababu ya moshi.

Siku moja ya juma tuliitwa wodini kumpelekea Chakula cha Bwana mama mmoja wa usharika wa mbali. Mume wake alikuwa amerudi kijijini kutafuta fedha, na tangu jana yake hakuwa ametia kitu kinywani. Tuliandaa kisanduku chetu cha sakramenti juu ya kabati dogo la kitandani. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, naomba ninywe uji kwanza." Uji ulikuwa mkononi mwa mama aliyekuwa akimwuguza binti yake kitanda cha pili, mwanamke Mwislamu mwenye ushungi. Alikuwa ameupika kule mtaroni, akaugawa vikombe vitatu kwa vitanda vitatu. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga. Tulisubiri tukiwa tumesimama. Mgonjwa alipomaliza, yule mama alichukua kikombe, akasogea kando kwa heshima, nasi tukaendelea na ibada. Kisha tukarudi nyumbani tukipita mbele ya kibao chetu.

Wapendwa, tulipokuwa chuo cha theolojia tulisoma Injili ya Yohana kwa Kigiriki, na tulionyeshwa jambo ambalo tafsiri zetu hazilitoi wazi sikuzote. Neno la moto wa makaa limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na zote mbili ziko kwa Yohana. Mara ya kwanza ni uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, Petro anaota moto na kumkana Bwana wake mara tatu. Mara ya pili ni ufukweni mwa ziwa, baada ya ufufuo, na aliyeuwasha moto ni Bwana mwenyewe. Pana samaki juu yake, na mkate. Mwana wa Mungu aliyeshinda kaburi hakuwangoja wanafunzi hekaluni. Aliwapikia kifungua kinywa mahali pa kuanikia nyavu, akawaambia walete na samaki waliowavua wao. Walipokwisha kula ndipo akamwuliza Petro kama anampenda, na jibu lake likawa kazi: alishe kondoo.

Tunauliza basi: sisi tumesimama kwenye moto upi? Uani kwa kuhani mkuu palikuwa na mlango na mlinzi wa mlango, na Petro aliulizwa kama naye ni mwanafunzi. Ufukweni hapakuwa na uzio.

Wala si hapo tu. Eliya alipokimbia na kutamani kufa, malaika alimkuta chini ya mretemu jangwani. Hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ale, na palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Paulo alikula mbele ya watu 276 ndani ya merikebu iliyokuwa inavunjika kwa dhoruba, wengi wao askari, mabaharia na wafungwa wasiomjua Kristo. Alimshukuru Mungu, akamega mkate, na wote wakapata moyo. Maelfu walilishwa wameketi kwenye majani. Ukiondoa katika Biblia chakula kilichopikwa na kuliwa mahali pasipopangwa, utabaki na kitabu chembamba sana.

Tunajua hoja za ndugu zetu, maana zilikuwa hoja zetu.

Wapo wasemao, hiyo ni kazi ya serikali. Kweli, na tuiseme bila woga, kwenye vikao na mbele ya viongozi, kwamba mgonjwa anastahili kulishwa. Kila mtoto wa kipaimara anafundishwa katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 kwamba tunapoomba mkate wa kila siku tunaomba pia serikali njema. Lakini somo hilohilo linataja na majirani wema. Hatuwezi kuomba sehemu moja ya ombi na kujizungushia uzio dhidi ya sehemu nyingine. Bajeti ina mwaka wake wa fedha. Mama aliyejifungua usiku anataka mtori asubuhi.

Wapo wasemao, watu wale hatuwajui, wengine si wa dini yetu, na wamo wezi. Mwizi akipatikana ashughulikiwe kama mwizi. Hatufungi kanisa kwa sababu kuna siku sanduku la sadaka liliibwa. Kuhusu dini, wakati wa Ramadhani Waislamu wa mtaa ule hupeleka futari kwa watu wa mtaroni bila kuuliza nani amebatizwa. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulikuwa wenyeji, na hatukuponya hata wetu.

Wapo wasemao, kanisa si mgahawa, Neno ndilo la kwanza. Hawa hutaja sura ya sita ya Matendo ya Mitume, kwamba mitume hawakutaka kuliacha Neno wahudumie mezani. Tuisome mpaka mwisho. Mitume hawakuifunga meza. Waliagiza kusanyiko lichague watu saba waliojaa Roho na hekima, wakawawekea mikono, kwa sababu wajane wa kundi moja walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku. Kanisa la kwanza liliona kugawa chakula kwa haki ni jambo zito la kustahili maombi na kuwekewa mikono. Sisi tulilipa dakika kumi.

Na wapo, hasa miongoni mwetu tuliosoma, wasemao kwa upole kwamba Mlutheri haokolewi kwa sufuria za maharage. Haswa! Tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Ndiyo maana hatuna kisingizio. Mtu ambaye hana haja ya kuinunua mbingu amebaki na mikono miwili isiyo na kazi, na jirani yupo pale. Mwaka 1523 Wakristo wa mji mdogo wa Leisnig huko Ujerumani walipanga sanduku la pamoja la kuwatunza maskini wao, na Luther mwenyewe aliandika dibaji ya utaratibu huo. Nyumba yake kule Wittenberg ilikuwa monasteri ya zamani. Katharina von Bora, mkewe, aliigeuza kuwa nyumba ya kulisha: alilima bustani, alifuga, alitengeneza bia, na mezani pake walikula wanafunzi, wageni na watoto wa ndugu. Yale mazungumzo ya mezani tunayojivunia vyuoni yaliandikwa na watu waliokuwa wakila chakula cha mama huyo.

Imebaki hoja moja ya kweli, nayo ni ya usafi. Moshi ni moshi, moto karibu na majani makavu ni hatari, na majivu hutimka. Hoja hii tunaipokea. Lakini dawa ya moshi ni dohani. Uzio hauondoi moshi, unauhamisha tu. Tunahitaji banda la nguzo sita na mabati, meko ya matofali, shimo la majivu, bomba lenye mita yake, na zamu ya kufagia ambayo wapikaji wenyewe wataisimamia, kwa kuwa walikuwa wakifagia hata zamani kabla hatujaja na ajenda yetu. Gharama yake haifiki tulichotumia kwa vigae vya madhabahuni.

Tusijidanganye pia kwamba tutakuwa tunawafundisha kutoa. Pale chini ya miembe palikuwa na sheria ambazo hazikuandikwa kwenye kibao. Moto hanyimwi mtu. Chumvi haiuzwi. Mmoja hulinda sufuria tatu ili wawili waingie wodini saa ya kuona wagonjwa. Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani huacha unga uliobaki na mawe yakiwa na moto. Aliyefiwa hapiki, hupikiwa. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walipokutanika kwa Chakula cha Bwana huyu alishiba na yule akaona njaa. Wale wa miembeni, ambao wengi wao hawakuwa na kadi ya ushirika wetu, hawakuhitaji waraka huo. Sisi tuliokuwa ng'ambo ya ukuta, tukipokea mkate na divai kwa ukimya mzuri, ndio tuliouhitaji.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunayaomba hadharani ili tusiweze kuyarudisha nyuma. La kwanza, Mkutano Mkuu wa Usharika ufute azimio lile, na kibao kiondolewe na walewale waliokipigilia, mchungaji akiwa wa kwanza kushika nyundo. La pili, banda lijengwe kabla ya vuli, na lisipewe jina la mfadhili yeyote. La tatu linahusu mnada.

Kila Jumapili baada ya ibada tunanadi sadaka za mazao pale nje: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, kuku. Mnada huo umejenga kanisa letu na hatuusemi vibaya. Lakini tumezoea kuona kuku akinunuliwa kwa bei ya kupigiwa makofi, kisha akapakiwa kwenye gari la mtu ambaye friji yake imejaa. Mnunuzi anaweza kulipa na bado akamwacha kuku. Fedha iende kwa mhasibu, kuku apelekwe nyuma ya kanisa. Kisu, sufuria na mwiko wanavyo. Tukitaka kula nao, twende na sahani zetu, na tupange foleni.