Kutangulia Si Kufika

Mtembezi hula miguu yake. Methali hiyo niliisikia tangu utotoni, lakini maana yake kamili niliipata barabarani kati ya Busia na Kampala, siku nilipovua kiatu na soksi ikatoka na ngozi.

Tulikuwa mahujaji wapatao 30, wengi wetu kutoka Witeithie, Juja na Thika. Basi lilitufikisha mpakani Busia. Kutoka hapo tulishika njia kwa miguu kuelekea Namugongo, kwenye sikukuu ya Mashahidi wa Uganda inayoadhimishwa kila tarehe 3 Juni. Ni mwendo wa karibu kilomita 200. Usiku tulilala sakafuni, leo kanisani, kesho darasani, na alfajiri tukawa barabarani tena na rozari mkononi: Bugiri, Iganga, Jinja.

Miongoni mwetu alikuwamo nyanya mmoja, jirani yangu mtaani. Alikuwa ameweka nadhiri kwamba mjukuu wake akipona homa ya uti wa mgongo, yeye angefika Namugongo kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto akapona. Basi tulipomsihi apande gari lililobeba mizigo na vyakula vyetu, alitucheka.

"Wanangu, mimi natoka Witeithie!"

Kwa wasiojua Kikuyu, jina hilo maana yake ni "jisaidie mwenyewe". Kama Kiswahili kimekuletea maana nyingine, hiyo ni shauri yako.

Siku za kwanza alitutangulia sote. Vijana wa chuo walikuwa wakimwita awangoje. Lakini tulipovuka Mto Nile pale Jinja, goti lake lilianza kuvimba. Akajikaza, akajikongoja, na tulipofika msitu wa Mabira akaketi kando ya barabara asiweze kuinuka. Tukambeba, tukamtia garini. Hakusema neno. Alijifunika leso usoni.

Namugongo tulifika jioni ya tarehe 1 Juni. Jamani, umati ule! Wengine walikuwa wametembea kutoka Masaka na Mbarara. Huyu anaimba, yule amelala chini fofofo, mwingine anachota maji ya ziwa dogo la pale ili awapelekee wagonjwa nyumbani. Nilipiga magoti mbele ya kanisa na, nisikufiche, nilijiona mwanamume kweli kweli. Nimemaliza! Kisha nikageuka kumtafuta nyanya.

Alikuwa nje ya lango, ameketi juu ya kifurushi chake.

"Mimi siingii, mwanangu. Nadhiri ni deni, na langu sikulilipa. Nimeletwa hapa kama gunia la viazi."

Nilikosa la kumwambia. Aliyemjibu ni katekista wetu, mzee wa maneno machache, aliyeketi chini kando yake na kuanza kumsimulia habari ambayo wengi wetu tulidhani tunaijua.

Mwezi Mei mwaka 1886, Kabaka Mwanga wa Buganda aliwahukumu vijana wa baraza lake kwa sababu walikataa kuiacha dini yao. Kutoka Munyonyo walitembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo, na tarehe 3 Juni wengi wao, Wakatoliki na Waanglikana, wakachomwa moto. Karoli Lwanga aliongoza. Kizito, kijana wa miaka kama 14, alikuwa mdogo wao. Hayo tunayakumbuka kila mwaka.

"Lakini si wote waliofika," akasema katekista. "Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani tarehe 26 Mei. Kesho yake wakauawa Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza. Huyu Gonzaga husimuliwa kwamba minyororo ilimkata miguu hata akashindwa kutembea, wakamchoma mkuki pale pale."

Nyanya akaondoa leso usoni. "Miguu?"

"Miguu, mama. Na mwaka 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu, aliwataja wote 22 siku moja. Hilo kanisa unaloliogopa lina nguzo 22 za shaba, kwa hesabu yao."

Nyanya alilitazama kanisa lile, lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kiafrika. Akatazama tena.

"Na hiyo ya Gonzaga, ni fupi kuliko nyingine?"

"Zote ni sawa, mama."

Alikaa kimya kitambo. Kisha akanyosha mkono, nami nikampa bega langu. Tuliingia polepole, yeye na goti lake, mimi na malengelenge yangu. Njiani akaninong'oneza, "Hilo jina la mtaa wetu lina upungufu."

Msomaji, tangu siku hiyo ninapotazama nyumba zetu huwa najiuliza swali. Mtoto anayeingia chuo kikuu tunamchinjia mbuzi na kuwaita majirani. Yule aliyekatiza masomo kidato cha pili kwa kukosa karo, wageni wakija tunamtuma dukani. Aliyejenga anakaa mbele kwenye mikutano ya ukoo. Aliyefutwa kazi anakaa nje na watoto. Je, tumewahi kuwauliza walitembea hadi wapi, na nini kiliwaangusha? Pengine wamekaa langoni tu, wakingoja mtu wa kuwapa bega.

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Mimi niliyefika kwa miguu yangu nilirudi Witeithie na picha za kuonyesha. Nyanya aliyepanda gari alirudi na chupa ya maji ya Namugongo, akampa mjukuu wake anywe, kisha akamkalisha kwenye kigoda na kumsimulia habari za kijana aliyeitwa Gonzaga, ambaye hakufika.

Jumapili njema.