Seva ya Nyumbani Kerugoya: Lawama Zinazoangukia Pasipo Kosa

Seva ya nyumbani hapa Kerugoya kwa kawaida si mtambo wa ajabu. Ni kompyuta kuukuu ya mezani, au Raspberry Pi yenye diski ya nje, iliyowekwa juu ya kabati karibu na ruta. Mpiga picha za harusi huhifadhi humo video zake, mwalimu mitihani yake, familia picha za wazee. Siku seva inapokataa kufunguka kwa mtu aliye Nairobi, kila jirani huwa fundi. Ushauri mwingi unaotolewa siku hiyo si kweli, na kiasi fulani ni hatari.

Tuanze na lile dai la kwanza kabisa: "Seva imeharibika, kwani nyumbani inafunguka lakini nikiwa Nairobi inakataa." Dai hili linajipinga lenyewe. Ikifunguka nyumbani, seva ni nzima. Tatizo liko kwenye anwani: ile kama 192.168.1.10 ni ya ndani tu. Tangu 1996 mafungu matatu ya anwani yametengwa kwa matumizi ya ndani ya majengo, na hayapitishwi kwenye intaneti ya umma. Ukiiandika anwani hiyo ukiwa Kasarani, Nairobi, simu yako itatafuta kifaa kilichomo katika nyumba hiyo ya Kasarani. Haitaifikia kamwe seva ya Kerugoya.

"Basi fungua poti kwenye ruta, yaishe." Hapa ndipo watu wa mji huu wanapopoteza pesa nyingi, na fundi asiyejua hulipwa mara mbili. Kufungua poti kunasaidia tu ikiwa ruta yako ina anwani ya umma, na uwezekano mkubwa haina. Ghala kuu la dunia la anwani za IPv4 liliisha Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalozigawa barani Afrika, lilifika awamu ya mwisho ya kubana mgao Januari 2020. Kwa hiyo kampuni za intaneti huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mitandao ya simu hufanya hivyo, na Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, humfanyia hivyo mteja wa kawaida wa nyumbani.

Kupima ni bure. Ingia kwenye ukurasa wa ruta usome anwani ya upande wa nje, ile iliyoandikwa WAN. Kisha, ukiwa kwenye intaneti hiyo hiyo, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikianza na 10, au ikawa kati ya 100.64 na 100.127, poti utakazofungua hazitakufaa kitu: umefungua mlango wa chumba chako ilhali geti la ploti limefungwa na ufunguo anao mwenye nyumba. Unaweza kuiomba kampuni anwani ya umma, ambayo wengine huiuza kwa ada ya ziada. Au tumia VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, ya aina ya Tailscale, ambapo seva na simu zote mbili huanzisha mawasiliano kutoka ndani kwenda nje, kisha zikakutanishwa. WireGuard peke yake, ambayo nayo ni VPN, ni nzuri pia, lakini huhitaji angalau upande mmoja unaofikika kutoka nje, kwa hiyo huenda ukalazimika kukodi seva ndogo mahali pengine.

Na hata mwenye anwani ya umma asidanganywe kufungua poti 445, inayobeba faili za Windows na za Samba (programu ya kushirikisha faili kwenye Linux), kwa watu wote duniani. Mnamo 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kupitia huduma hiyo hiyo, kikafunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Faili zipite ndani ya VPN. Hakuna mjadala hapo.

Yuko pia anayesema, "Haionekani kwenye orodha ya mtandao, kwa hiyo haipo." Orodha ile ya Windows ilitegemea itifaki ya zamani, SMB1, ambayo Microsoft ilianza kuiondoa kwenye Windows mpya mwishoni mwa 2017. Seva ya Linux inaweza kutoweka kwenye orodha huku ikifanya kazi vizuri kabisa. Andika anwani yake moja kwa moja, \\192.168.1.10, uone. Ikifunguka kwa namba na ikakataa kwa jina, shida ni jina. Programu ndogo ya wsdd huirudisha seva kwenye orodha. Atakayekushauri uifufue SMB1 mkatalie, maana ndiyo njia ile ile iliyopitiwa na WannaCry.

Anayelaumu sasisho la Windows ana nusu ya haki. Toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, lilikaza masharti, na katika matoleo kama Pro halikubali tena kuingia kama mgeni asiye na nywila. Dawa ni kumtengenezea kila mtumiaji jina na nywila kwenye seva. Ukishaingia ukaona folda lakini ukashindwa kuandika humo, kumbuka Samba ina ruhusa zake na Linux ina zake. Lazima zote mbili zikubali. "Zima faiawoli" si jibu. Mara nyingi Windows imeuhesabu mtandao wa nyumbani kuwa wa umma. Ubadilishe uwe wa binafsi, faiawoli ibaki ikilinda.

"Nina intaneti ya kasi, seva ndiyo nzito." Umeuliza kasi ya kupakia? Aliye Nairobi anapopakua, seva ya Kerugoya inapakia, na vifurushi vingi hutoa kasi ndogo upande huo. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, video za harusi za gigabaiti 100 huchukua takriban saa 22. Zitie kwenye diski uitume kwa matatu ya Nairobi. Itafika kabla ya chakula cha mchana.

Kuhusu stima, wanaolalamika hawakosei: hata sehemu kubwa ya nchi ilibaki gizani tarehe 25 Agosti 2023. Lakini stima ikisharudi, kinachoizuia seva huwa ni mambo mawili madogo. Kompyuta haikuwekwa iwake yenyewe, jambo linalorekebishwa kwenye BIOS. Au ruta imeipa anwani nyingine, na hapo inabidi uihifadhie anwani moja ya kudumu. Ukinunua UPS, chomeka humo ruta pia, pamoja na kisanduku cha faiba.

Fundi akikutaka ununue ruta mpya kabla hajasoma ile anwani ya WAN, usimlipe.